Mzee Mdoe Ramadhan Hiza na Pijo Lisilo na Simba

Masheikh wetu, wazee, majirani wa Old Korogwe na ndugu zetu mliotoka Misima, Assalaam alaykum. Kabla hatujamswalia mzee wetu na kumsindikiza kwao Handeni, familia imeomba nafasi ndogo ya kueleza alikuwa nani. Mjane wake, Bi Munira, amemwagiza msomaji asikimbize maneno na asiruke yale ya gari, kwa sababu yeye yupo ndani na anasikiliza dirishani.

Marehemu Mzee Mdoe Ramadhan Hiza alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika kijiji cha Misima, wilayani Handeni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Ramadhan Hiza na marehemu Bi Mwantumu. Mama yake alipenda kusimulia kwamba Mdoe alichelewa sana kusema, mpaka bibi zake wakaanza kunong'ona, lakini akisikia lori linapanda kilima alinyamaza kulia na kutega sikio hadi lipite. Mwaka 1963 baba yake alipata kazi ya udereva katika shamba la mkonge huko Mazinde, akimwendesha meneja, na familia yote ikahamia kambini.

Alianza shule ya msingi Misima mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba Mazinde mwaka 1967. Kwa maneno ya wenzake, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kinachokumbukwa zaidi ni siku aliyoifungua kengele ya baiskeli ya mwalimu mkuu ili aone sauti inatoka wapi. Aliirudishia kabla ya mapumziko kwisha, ikalia vizuri kuliko mwanzo, ila mkononi mwake ilibaki skrubu moja ambayo hakujua imetoka wapi. Mwalimu alimchapa kwa ajili ya ile skrubu, si kwa ajili ya kengele. Tangu hapo Mzee Mdoe alikuwa akisema kitu kilichokamilika sana kina walakini.

Mwaka 1969 aliingia karakana ya shamba kujifunza umakanika, na mwaka 1976 akafaulu majaribio ya ufundi daraja la pili. Mwaka 1983 aliacha kazi ya shamba, akafungua gereji yake hapa Old Korogwe, upande wa kuelekea mtoni, kwenye banda ambamo wengi wenu mmeshawahi kukaa juu ya tairi mkisubiri gari lililosemwa litakuwa tayari saa nne na likawa tayari kesho yake. Alikuwa mwaminifu katika kila jambo isipokuwa saa. Mafundi wengi waliopo leo kati ya Mombo na Segera walishika spana ya kwanza mikononi mwake, na wote wanaiga mpaka leo ile tabia yake ya kuigonga bodi ya gari kwa kiganja kabla ya kumsalimia mwenye gari.

Sasa tufike kwenye gari lenyewe. Mwaka 1971 meneja wa shamba alirudi kwao. Badala ya kulisafirisha Pijo lake 404, la mwaka 1965, rangi ya maziwa, alimwachia dereva wake kwa bei ya kuagana. Mzee Ramadhan hakuwahi kuitaja bei hiyo, kwa hiyo nasi hatuijui. Pijo hilo lilibeba wajawazito, maharusi, mabati, mbuzi wa hitima na mara moja hakimu, kwenye barabara ya Korogwe na Handeni, wakati barabara hiyo ilikuwa na mashimo ya kuficha ng'ombe. Mdoe alilijua kwa sauti. Akiwa chini ya gari lingine kabisa aliweza kusema, "Mzee anakuja, na gia ya pili inalalamika."

Tarehe 17 Novemba 1979 alifunga ndoa na Bi Munira huko Mkumbara. Bibi harusi alipakiwa kwenye Pijo akiwa amefunikwa, na walipokaribia Mombo gari likazima. Bwana harusi akavua kanzu, akaitundika kwenye kioo cha pembeni, akaingia chini na fulana nyeupe. Bi Munira alikaa kiti cha nyuma kwa muda mrefu, mashangazi wakimpepea, halafu akauliza kwa sauti iliyosikika nje, "Huyu tuliyempanda ndiye mke mkubwa?" Kutoka chini ya gari Mdoe akajibu, "Mvumilie, mwenzio amekuja kwanza." Jina likakaa. Kwa miaka arobaini na mitano nyumba hii ilikuwa na Mke Mkubwa, anayelala bandani, na Mke Mdogo, anayepika. Walijaliwa watoto wanne, na kila mmoja alifunzwa kuendesha akiwa amekaa juu ya mto katika gari hilo hilo.

Mzee Ramadhan alifariki tarehe 2 Aprili 1995 na kuzikwa Misima. Kwa wageni waliotoka mbali, ni vizuri kueleza kwamba Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani haji msibani kulia tu. Huja kutania, kumtukana marehemu kwa upendo na kuchukua kitu cha wafiwa, ambacho lazima kikombolewe kwa jogoo au fedha kidogo. Mtani wetu ni Mzee Castory, ambaye baba yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, na yeye mwenyewe akazaliwa na kuzeekea Mazinde. Siku ile Castory alilala chali mbele ya Pijo, akasema jeneza halipiti, kisha akatoa bisibisi mfukoni na kung'oa nembo ya simba iliyokaa kwenye shoo, ule wavu wa chuma wa mbele.

"Simba huyu amekula vumbi la Wazigua inatosha," alisema. "Namkomboa kutoka utumwani. Anayemtaka alete jogoo."

Mdoe alikuwa na uchungu wa kufiwa, na uchungu wake ulikuwa na kichwa kigumu. "Jogoo hupati. Nitakupa yai, ukalilee mwenyewe."

Watu walicheka mpaka machozi yakachanganyika na yale mengine. Kwa desturi, mambo hayo huisha siku ya hitima. Haya hayakuisha. Castory akasema jogoo, Mdoe akasema yai, na simba akaenda Mazinde. Kila mwaka salamu zilikuja na mtu yeyote aliyepita: simba anakusalimu, amekonda. Simba ana mafua, umtumie shuka. Mdoe naye alirudisha jibu kwamba yai bado lipo, linaanza kunuka.

Mwaka 1998 Pijo lilisimama. Liliwekwa juu ya mawe bandani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na wote tuliamini limekwisha. Mwaka 2010, watoto wa mwisho walipomaliza shule, Mzee Mdoe aliwafukuza kuku na kuanza kulifufua. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na mmoja. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi, ikakatwa yote na kuchomelewa upya. Alinunua Pijo bovu zima huko Mombo ili alichinje, atoe milango miwili na kikombe kimoja cha taa. Kioo cha mbele alikipata Moshi, akakileta kwenye basi kimefungwa ndani ya godoro, akikilipia kiti chake kama abiria. Bampa zilipelekwa Dar es Salaam kupigwa nikeli, zikarudi zinang'aa, zikakaa chini ya kitanda cha Mzee Mdoe na Bi Munira kwa mwaka mzima kwa sababu bodi ilikuwa bado haijapakwa rangi. Rangi yenyewe ilipakwa mara mbili. Ya kwanza ilitoka njano kidogo, na Mzee Mdoe aliikwangua yote kwa msasa, akisema gari lilikuwa rangi ya maziwa, si rangi ya uji.

Ukiacha jasho lake, kazi hiyo ilikula shilingi milioni thelathini na nane. Wakati huo chumba cha nyuma cha nyumba hii kilikuwa bado hakijapigwa plasta. Tusifiche kwamba palikuwa na maneno. Bi Munira alisema hajawahi kusikia mke mkubwa anayekatiwa bampa wakati mke mdogo anaoga kwenye chumba cha matofali wazi.  Kesho yake Mzee Mdoe alipiga plasta, yeye mwenyewe, vibaya, na plasta hiyo mnaweza kuiona mkipita uani.

Mwaka 2022 Bwana Rakesh, mwenye duka la vipuri hapa mjini, alikuja kuliona. Familia yake na yetu zinajuana tangu enzi za baba yake, na Rakesh ana wateja Dar es Salaam na Nairobi wanaotafuta magari ya zamani. Alizunguka Pijo, akafungua boneti, akalinganisha namba ya injini na kibati cha bodi, akachuchumaa mbele ya shoo.

"Shikamoo mzee, hili gari umelitendea haki. Injini ni ile ile liliyozaliwa nayo. Wengi wanaweka ya Toyota wanaona wameokoa, kumbe wameliua bei. Hili likiwa kamili linafika milioni arobaini na tano."

Watoto waliokuwa karibu walishika viuno. Rakesh akaweka kidole kwenye shoo. "Na haya matundu mawili?"

"Hapo anakaa simba."

"Simba naagiza, mzee. Hata laki mbili haifiki."

"Wa nini kuagiza? Simba wake yupo. Yupo Mazinde kwa mtani." Mzee Mdoe akafunga boneti polepole kwa mikono miwili. "Gari bado halijakamilika, mwanangu. Likikamilika, tutazungumza bei."

Kuanzia siku hiyo kila mtu nyumbani alielewa hesabu: kati ya familia hii na milioni arobaini na tano amesimama jogoo mmoja. Hiza, mwanawe mkubwa, alijitolea kumnunua huyo jogoo. Mzee akamwambia akinunua amle. Hakuna aliyemdhania kuwa amesahau maana ya fedha. Alikuwa amepata sababu ya kutoliuza gari la baba yake bila kumwambia mtu yeyote hapana, na aliishika sababu hiyo kwa mikono yote miwili.

Machi 2023 alianza kuchoka kwa kupanda ngazi tatu tu za barazani, na miguu ikavimba. Daktari alisema moyo umetanuka. Atahitaji dawa za kila siku maisha yake yote, na kliniki ya mara kwa mara Dar es Salaam. Hapo utani uligeuka kitu kizito. Nauli, vipimo, dawa ambazo bima haikuzifikia, na bandani limekaa gari la milioni arobaini na tano linalongoja jogoo. Bi Munira hakumwuliza mumewe. Alikamata jogoo wake mweupe, akapanda basi mpaka Mazinde.

"Shemeji Castory, jogoo huyu hapa. Nipe simba."

Castory alimpokea jogoo, akampima uzito, akamsifia. Kisha akamrudisha. "Shemeji, nilimchukua simba kwa mwenye msiba. Akija mwenyewe, nampa."

"Mwenyewe anaumwa. Nataka kumtibu."

"Najua anaumwa. Jumapili nilikuwa kwake. Muda wote tuliokaa alikuwa analifuta Pijo vumbi ambalo halipo." Castory alikuwa hatanii tena. "Siku simba akirudi kwenye shoo, gari linakwenda Dar. Likishaondoka, huyo utakayekuwa unampa dawa atakuwa nani? Nitukane ukitaka. Lakini mimi sitamuuzia mtani wangu gari lake."

Bi Munira alimtukana kweli, na siyo kiutani, akarudi Korogwe na jogoo wake mapajani. Anataka isemwe leo kwamba njia nzima alilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu alijua shemeji yake amesema kweli.

Wiki hiyo jirani yetu alikuja kuomba Pijo limpeleke binti yake ukumbini. Mzee Mdoe alikuwa anafungua mdomo kusema chukueni tu, kama alivyozoea. Bi Munira akatokea jikoni na mwiko mkononi, akataja bei. Jirani akalipa bila kupepesa macho, kwa sababu mjini kulikuwa na magari mengi meupe ya kupamba na hakukuwa na lingine kama lile. Hivyo ndivyo Mke Mdogo alivyomwajiri Mke Mkubwa. Kwa miaka miwili, ukiacha mwezi wa Ramadhani, karibu kila Jumamosi Pijo lilibeba maharusi wa Korogwe, Mombo na Handeni. Bi Munira alipokea simu na malipo, Ikram, mmoja wa watoto wao, alishika usukani, na Mzee Mdoe alikaa mbele na koti lake, akisikiliza gia ya pili. Aliyeuliza kwa nini shoo ina matundu mawili alijibiwa simba yuko likizo. Dawa hazikuwahi kukosekana, na kliniki hakukosa hata moja. Alikuwa akienda Dar kwa basi, maana Pijo alisema haliwezi kusumbuliwa kwa mambo ya hospitali.

Rakesh alipita tena mwaka jana, akasema bei imepanda. Mzee Mdoe alimshukuru, akamwagizia chai, akauliza hali ya mama yake. Jioni alimwambia Bi Munira, "Ukihesabu na jasho, gharama niliyoweka humu haitarudi hata wakinipa hiyo bei." Kisha akasema, "Na bora isirudi. Ingerudi, Mke Mkubwa angeondoka." Ni maneno anayoyakumbuka sana, na ameomba yaandikwe kama yalivyosemwa.

Mwishoni mwa Julai mwaka huu hali yake ilibadilika. Pumzi ilikuwa fupi usiku na akawa anapenda kukaa badala ya kulala. Alirudishwa hospitali tarehe 2 Agosti, madaktari na wauguzi wakafanya kila walichoweza, na familia inawashukuru kwa dhati. Alifariki jana, Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Dua ya mwisho aliitamka mwenyewe.

Jana hiyo hiyo mchana, wakati turubai linafungwa, Mzee Castory aliwasili kutoka Mazinde. Ana miaka sabini na minne na goti bovu, lakini alilala chali mbele ya Pijo kama alivyolala mwaka 1995, na vijana ikabidi wamsaidie kulala. "Mazishi hakuna!" alipaza sauti. "Mzigua huyu kakimbia na jogoo wangu!" Watu wakacheka. Kisha akabaki pale chini akilia waziwazi, mkono machoni, na hakuna aliyemwinua kwa muda. Alipoinuka alitoa mfukoni kitambaa cheupe, na ndani yake simba, amesuguliwa mpaka anameta.

"Nimemleta," alisema. "Sina tena wa kugombana naye. Nipeni hilo yai."

Hiza alikwenda kuchukua bisibisi. Bwana Rakesh alikuwepo, amekaa na wazee, na kwa heshima aliangalia chini. Lakini kila mtu pale alikuwa anajua neno la marehemu, kwamba gari likikamilika, bei itazungumzwa. Bi Munira alikuja mlangoni na shuka lake jeupe, ameshika yai. Akampa Castory yai, naye akampa simba. Wakawa wamemalizana, baada ya miaka thelathini.

Bi Munira alimgeuza simba mkononi, akamfuta kwa pembe ya shuka ingawa hakuwa na vumbi. Hiza akanyoosha mkono ampokee. Mama yake hakumpa. Alimrudisha kwenye kiganja cha Castory na kukifunga kwa vidole vyake.

"Mchukue."

"Shemeji, ameshakombolewa."

"Huo ulikuwa msiba wa baba mkwe. Huu ni wangu, na mtani ni wewe. Mchukue, uondoke naye."

Mzee Castory alimtazama, akaelewa, akajikaza kuuliza kama desturi inavyotaka. "Na kumkomboa ni nini?"

"Jogoo," akasema Bi Munira. Nyuma yake uani majogoo watatu walikuwa wanafukuzana. "Nikimpata, nitamleta."

Marehemu ameacha mjane mmoja, Bi Munira, ambaye hapendi tena kuitwa mke mdogo, watoto wanne, Hiza, Maryamu, Ikram na Fatu, wajukuu tisa, dada yake mmoja aliyebaki kati ya watoto watano, mafundi wengi aliowalea, mtani mmoja, Mzee Castory wa Mazinde, na Pijo moja 404, rangi ya maziwa, ambalo leo litatangulia mbele ya jeneza mpaka Misima likiwa na matundu mawili kwenye shoo. Bwana Rakesh ameombwa asilizungumzie bei, kwa kuwa bado halijakamilika.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Amsamehe mja wake Mdoe, amkunjulie kaburi lake, na amjaalie pumziko la amani kando ya baba yake.